Mtafiti Anapowaandikia Watu Wote: Kisa cha Carl Sagan

Mwezi Aprili mwaka 1992 wanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani walikutana mjini Washington kuchagua wanachama wapya. Kwa desturi ya wakati ule orodha ya watu wapatao 60, ikishapita katika kura za awali, ilikuwa ikikubaliwa yote kwa pamoja bila mjadala mrefu. Safari hii jina moja lilipingwa. Lilikuwa jina la Carl Sagan, mtaalamu wa sayari wa Chuo Kikuu cha Cornell na mmoja wa wanasayansi waliojulikana na watu wengi zaidi duniani wakati ule. Wako waliosimama kumtetea na wako waliosema kwamba umaarufu wake ulikuwa mkubwa kuliko kazi yake. Kura zilipopigwa hakupata theluthi mbili zilizohitajika, na jina lake likaondolewa katika orodha.

Tangu hapo wataalamu wanaochunguza mwenendo wa sayansi wamekuwa wakizungumza juu ya “athari ya Sagan”, yaani ile dhana kwamba kadiri mtafiti anavyosomwa na watu wa kawaida, ndivyo wataalamu wenzake wanavyomhesabu kuwa mtafiti hafifu. Jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko linavyoonekana kwa mara ya kwanza. Vitabu vya ziada, vipindi vya redio na majarida yanayoifikisha sayansi madarasani huandikwa na watu, na watu hao wana vyeo vya kutafuta na kazi za kulinda. Ikiwa kalamu ya namna hiyo humpunguzia mtafiti heshima, basi hapana budi wenye kuishika watakuwa wachache.

Kwanza yafaa kueleza jinsi mtafiti anavyopimwa. Katika vyuo vikuu vingi duniani mhadhiri hupanda cheo kwa makala alizotoa katika majarida ya kitaalamu. Makala hizo husomwa kwanza na wataalamu wengine wa fani ileile, ambao huzichambua, huzikosoa, na mara nyingi huzikataa. Baada ya miaka kadhaa chuo huamua kama mhadhiri apewe ajira ya kudumu au atafute mahali pengine, na katika uamuzi huo huombwa barua za siri kutoka kwa wakubwa wa fani yake. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wote, au makala katika gazeti la Jumapili, huwa na uzito mdogo sana katika mizani hiyo. Wakati mwingine huwekwa upande wa pili wa mizani.

Je, Sagan alikuwa na nini cha kuweka upande wa kwanza? Alizaliwa mjini New York mwaka 1934, akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1960. Sehemu ya tasnifu yake ilihusu sayari ya Zuhura, na kisa hicho kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ni mfano mzuri wa jinsi hoja ya sayansi inavyojengwa.

Mwaka 1956 wataalamu wa Marekani walielekeza darubini ya redio kwenye Zuhura, wakapokea mawimbi yenye urefu wa sentimita 3. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi, na kutokana na nguvu ya mawimbi hayo waliweza kukadiria joto lake. Jibu lilishangaza: zaidi ya nyuzi 300 za Sentigredi. Wengi hawakukubali. Zuhura imefunikwa na mawingu mazito meupe ambayo hurudisha angani karibu robo tatu ya mwanga wa jua, hata ikawa sayari hiyo, ingawa iko karibu zaidi na jua, hufyonza nishati ya jua kidogo kuliko Dunia. Joto lingetoka wapi? Baadhi ya wataalamu walisema kwamba mawimbi yale hayakutoka ardhini hata kidogo, bali yalitoka katika tabaka la juu la hewa ya Zuhura, penye chembe nyingi za umeme. Kama ndivyo, ardhi ya chini ingeweza kuwa na joto la wastani, pengine hata na bahari.

Sagan alishika upande wa pili. Alisema ardhi ya Zuhura ni moto kwelikweli, na sababu ni hewa yake. Mwanga wa jua unaopenya mawinguni huipasha ardhi joto. Ardhi nayo hutoa joto hilo kwa njia ya miali isiyoonekana kwa macho, lakini hewa ya kabonidayoksaidi na mvuke wa maji huizuia isitoke, kama vile vioo vya kibanda cha kuoteshea mimea vinavyohifadhi joto la ndani. Basi joto huzidi kupanda mpaka kiasi kinachofanikiwa kupenya kiwe sawa na kile kinachoingia.

Namna ya kuamua kati ya maelezo hayo mawili ilikuwa rahisi kwa fikra, ingawa ilikuwa ngumu kwa vitendo. Mtu akiitazama sayari kutoka angani, mstari wa macho yake hupita katika hewa nyembamba anapotazama katikati ya duara, na hupita katika hewa nene zaidi anapotazama ukingoni. Ikiwa mawimbi yanatoka ardhini na kupunguzwa na hewa baridi iliyo juu yake, kingo zitaonekana hafifu kuliko katikati. Ikiwa yanatoka katika tabaka la juu lenye chembe za umeme, kingo zitang’aa zaidi. Chombo Mariner 2, ambacho Sagan alikuwa mmoja wa wataalamu walioshiriki katika kazi yake, kilipita karibu na Zuhura tarehe 14 Desemba 1962, kwa umbali wa kilometa 35,000 hivi. Kingo zilikuwa hafifu. Leo inafahamika kwamba ardhi ya Zuhura ina joto la nyuzi 460 hivi, ambalo latosha kuyeyusha risasi, na kwamba hewa yake ni kabonidayoksaidi kwa asilimia 96, yenye kanieneo ya mara 90 hivi ya ile ya Dunia. Mwalimu anayefundisha habari za kupanda kwa joto la Dunia katika siku zetu hatapata mfano wa kutisha kuliko huo.

Kwa Mirihi, Sagan akishirikiana na James Pollack alieleza kwamba yale mabaka meusi yanayobadilika kwa majira, ambayo wengine waliyadhani kuwa mimea, ni vumbi linalopeperushwa na upepo. Chombo Mariner 9 kilipoizunguka sayari hiyo kuanzia mwaka 1971 kilileta picha zilizoafikiana na rai hiyo. Kwa jumla, hadi alipofariki mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 62, makala na machapisho yake ya kisayansi yalikuwa yamepita 600. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mvivu wa utafiti.

Hata hivyo mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Harvard, alikokuwa amefundisha kwa miaka mitano, kilikataa kumpa ajira ya kudumu. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ametoa, pamoja na mtaalamu wa Urusi Iosif Shklovsky, kitabu kinene juu ya uwezekano wa kuwapo viumbe wenye akili katika nyota nyingine. Miongoni mwa waliombwa maoni alikuwamo Harold Urey, mkemia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1934, naye aliandika kumpinga. Malalamiko yake yalikuwa kwamba kijana huyu hutawanya juhudi zake katika mambo mengi mno, na huandika marefu. Miaka michache baadaye Urey alibadili mawazo yake na kumwandikia Sagan kumwomba radhi. Ni nadra mtu wa cheo chake kufanya hivyo, na ni uungwana. Lakini barua ya radhi haina nguvu ya kutengua uamuzi wa kamati. Wakati huo Sagan alikuwa amekwisha kwenda Cornell, ambako alipokelewa vizuri, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa profesa kamili.

Hapo ndipo kalamu yake ilipofunguka. Kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya uhusiano wa binadamu na ulimwengu kilimfikisha kwenye televisheni. Kitabu cha mwaka 1977 juu ya chimbuko la akili ya binadamu kilimpatia Tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mwaka 1980 kikaja kipindi cha Cosmos, chenye sehemu 13, ambacho kilionyeshwa katika nchi nyingi na hukadiriwa kuwa kimetazamwa na watu mamia ya milioni. Si ajabu wenzake wengine walikunja uso. Mtaalamu aliyetumia miaka kumi kupima jambo moja, kisha akaona ulimwengu mzima unamtaja mwingine kuwa ndiye sayansi yenyewe, hawezi kukosa uchungu, na uchungu huo mara nyingi huvaa joho la ukali wa kitaalamu.

Lakini ingekuwa dhuluma kusema kwamba kila aliyempinga Sagan alikuwa na wivu. Palikuwa na sababu nyingine nzito zaidi, na yafaa ielezwe kwa haki. Tarehe 30 Oktoba 1983 Sagan alitoa makala katika jarida Parade, ambalo lilikuwa likisambazwa pamoja na magazeti ya Jumapili na wakati huo lilifika katika mamilioni ya nyumba za Marekani. Alieleza kwamba vita vya nyukilia vingechoma miji mingi kwa wakati mmoja. Kwamba masizi meusi ya mioto hiyo yangefyonza mwanga wa jua, yakapashwa joto na kupanda juu ya mawingu ya mvua, mahali ambapo hayawezi kuoshwa upesi. Na kwamba chini yake Dunia ingekuwa na giza na baridi, hata katikati ya mabara maji yakagande wakati wa kiangazi. Utafiti wenyewe, alioufanya na wenzake wanne, ulitoka katika jarida la kitaalamu Science tarehe 23 Desemba mwaka huohuo. Yaani wananchi walisoma matokeo karibu majuma manane kabla ya wataalamu wengi kupata nafasi ya kusoma hesabu.

Kwa mtafiti, utaratibu huo si adabu ya mezani tu. Kupitiwa na wenzako ndiyo njia ya kugundua kosa kabla halijasambaa. Waliomlaumu Sagan walisema kwamba amewageuza wasomaji wa gazeti kuwa mahakama ya jambo ambalo ushahidi wake haujakamilika. Yeye aliona kwamba jambo linalohusu uhai wa mataifa yote haliwezi kungoja zamu ya kupigwa chapa. Kila upande ulikuwa na hoja. Mahesabu yaliyofuata, mwaka 1986, yalionyesha baridi ndogo kuliko ile ya kwanza. Mengine yaliyofanywa kwa kompyuta bora kuanzia mwaka 2007 yalirudisha tishio, yakaonyesha kwamba baridi ingedumu kwa miaka. Ni kawaida ya sayansi kuyumba hivyo kabla ya kutulia. Tatizo ni kwamba msomaji wa gazeti huliona yumbo hilo kuwa ni uongo uliofumaniwa.

Kisha ikaja Kuwait. Mwezi Januari 1991, vita vya Ghuba vilipokuwa vinaanza, Sagan alionya hadharani kwamba visima vya mafuta vikichomwa, moshi wake ungeweza kupanda juu sana na kuharibu majira ya kilimo katika Asia ya Kusini. Visima zaidi ya 600 vilichomwa, na cha mwisho kilizimwa mwezi Novemba mwaka huohuo. Mchana ulikuwa kama magharibi katika sehemu za Ghuba, na joto la huko lilishuka. Lakini ndege zilizotumwa kupima zilikuta kwamba moshi haukupanda hadi tabaka la juu lisilo na mvua. Ulibaki chini, ukaoshwa, na mvua za Asia hazikuvurugika. Utabiri ule haukutimia. Sagan mwenyewe alikiri hivyo katika kitabu chake cha mwisho mwisho, kilichohusu namna ya kupambanua sayansi na ushirikina, akaitumia habari hiyo kama mfano wa jinsi wanasayansi wanavyokosea. Kura ya Akademia ilipigwa mwaka mmoja baada ya mioto ya Kuwait. Hakuna awezaye kusema ni kura ngapi zilipotea kwa sababu hiyo na ngapi kwa sababu ya televisheni.

Ukweli ni kwamba makosa mawili tofauti yalichanganywa katika hukumu moja. Kutangaza hadharani jambo ambalo bado halijapimwa ni hatari ya kweli, na mtafiti anayefanya hivyo anastahili kuulizwa. Kueleza kwa lugha nyepesi jambo ambalo limekwisha kupimwa, kama Sagan alivyofanya katika sehemu kubwa ya Cosmos, si hatari hata kidogo, ni ualimu. Mizani iliyotumika haikuwa na jiwe la kutofautisha kimoja na kingine.

Mfano wa mtu mwingine waonyesha kwamba hata mpangilio wa miaka una kazi yake. Stephen Jay Gould, mtaalamu wa visukuku na mageuko ya viumbe, aliandika insha moja kila mwezi katika jarida Natural History kuanzia Januari 1974 hadi Januari 2001, insha 300 kwa jumla. Hapana Mmarekani wa fani yake aliyesomwa na watu wengi kuliko yeye, naye hakuogopa mabishano. Walakini Akademia ilimchagua mwaka 1989. Tofauti moja iko wazi: Gould alikuwa profesa mwenye ajira ya kudumu pale Harvard kabla ya kuanza insha ya kwanza. Alipanda ngazi kwanza, ndipo akasimama juu yake akazungumza. Sagan alianza kuzungumza akiwa bado kwenye vidato vya katikati, palipo rahisi kumtikisa mtu.

Upande wa Tanzania nao una ushuhuda wake. Jane Goodall alifika Gombe, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika kaskazini ya Kigoma, mwezi Julai 1960, akiwa hana hata shahada ya kwanza. Mwaka huohuo aliona sokwe mtu wakiandaa vijiti na kuvua mchwa kwavyo, jambo lililowashtua waliodhani kwamba ni binadamu pekee atengenezaye zana. Fedha za kuendeleza kazi yake zilitoka kwa shirika la Marekani lenye kutoa jarida National Geographic, na mwezi Agosti 1963 makala yake ya kwanza, yenye picha, ilitoka humo. Wako wataalamu waliomcheka kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba, na kwa kuandika kama msimulizi. Lakini wasomaji wa jarida lile ndio waliolipia, kwa ada zao, chakula na mahema ya Gombe. Alipata udaktari wa Cambridge katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 1986 akatoa kitabu kikubwa cha kitaalamu, chenye majedwali na takwimu za miaka mingi, ambacho waliomcheka walilazimika kukisoma. Katika kisa hiki kalamu ya umma haikuuchelewesha utafiti, ndiyo iliyoulisha. Goodall alifariki mwezi Oktoba 2025, na kumbukumbu za sokwe wa Gombe bado zinaandikwa.

Sagan naye aliwahi kuwafaa wenzake kwa njia kama hiyo. Mwaka 1978 Seneta William Proxmire aliupa mpango wa kutafuta ishara za redio kutoka nyota nyingine tuzo ya dhihaka aliyokuwa akiitoa kwa matumizi mabaya ya fedha za serikali, na mwaka 1981 akafaulu kuukatia fungu. Sagan alikwenda kuonana naye, akamweleza hoja moja baada ya nyingine. Seneta aliacha upinzani wake, na fungu likarudishwa. Ni vigumu kuamini kwamba profesa asiyejulikana angefunguliwa mlango ule. Bunge liliukata tena mpango huo mwaka 1993, safari hii kwa mkono wa seneta mwingine.

Je, hasara ya Sagan ndiyo kanuni? Mwaka 2008 Pablo Jensen na wenzake walitoa uchunguzi uliohusu maelfu ya watafiti wa CNRS, shirika la taifa la utafiti la Ufaransa. Walilinganisha shughuli za kila mtafiti kwa umma, kama vile mihadhara ya wazi, mazungumzo na waandishi wa habari na mafundisho mashuleni, pamoja na idadi ya makala zake za kitaalamu na kupanda kwake cheo. Waliona kwamba wanaozungumza na umma huwa ndio watafiti wenye bidii zaidi katika makala za kitaalamu pia, na kwamba shughuli hizo haziwazuii kupanda cheo, ingawa haziwasaidii sana. Matokeo hayo yanaafikiana na hesabu ya makala za Sagan mwenyewe.

Lakini msomaji aangalie vizuri ni watafiti gani waliohesabiwa. Mtafiti wa CNRS ni mtumishi wa serikali mwenye ajira ya kudumu, na huipata mapema katika kazi yake. Hata kamati ikimnyima cheo, mshahara wake haukatiki. Uchunguzi ule unaeleza habari za watu waliokwisha kukaa mahali Gould alipokuwa mwaka 1974. Kuhusu kijana mwenye mkataba wa miaka mitano, anayesubiri barua za siri kutoka kwa wakubwa wasiopenda televisheni, kama alivyokuwa Sagan mwaka 1968, hesabu za Ufaransa hazikumgusa.